Mama, Kilo Nne Zaweza Kutosha

Leo nataka kusema nanyi habari ya ugonjwa ambao akina mama wengi wanao, na wachache wanaujua kwa jina. Nawe baba wa nyumba, usifunue ukurasa mwingine ukidhani haya ni mambo ya wanawake tu. Sehemu yako iko mbele, na si ndogo.

Yuko mama ambaye siku zake za mwezi hupotea miezi miwili, mitatu, hata mitano, wala hana mimba. Mwili wake waongezeka unene, hasa tumboni, ingawa anakula kama wenzake. Nywele humwota kidevuni au kifuani, na chunusi hazimwishi ijapokuwa usichana umekwisha pita. Kijijini watu wanayo majibu yao: amerogwa, alikunywa dawa mbaya alipokuwa msichana, ni laana ya ukoo, au ati ni mlafi na mvivu. La, sivyo. Ugonjwa huu wajulikana sana hospitalini. Katika cheti daktari huuandika kwa herufi nne, PCOS, maana yake hali ya ovari zenye vifuko vingi. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Marekani, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika habari za wanawake 7 waliokuwa nao. Siku hizi Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa karibu mwanamke 1 katika kila 10 wa umri wa kuzaa anao, na ya kuwa wengi wao, pengine 70 katika 100, hawajaambiwa na daktari yeyote.

Jina lenyewe limewatisha wengi bure. Vifuko vile si kansa, wala si uvimbe wa kukatwa. Ni vifuko vidogo vya mayai vilivyoanza kukua vikasimama njiani. Kwa kawaida kila mwezi yai moja hukomaa na kutoka. Kwa mama huyu yai halikomai, au lakomaa mara chache tu, na ndiyo maana siku zake hazifiki kwa wakati.

Unene unaingiaje hapa? Nyuma ya tumbo la chakula tunacho kiungo kiitwacho kongosho. Kazi yake moja ni kutoa insulini, nayo insulini ni kama mtu wa kufungua mlango: huifungulia sukari ya chakula ipate kuingia katika nyama za mwili, ikawe nguvu. Kwa akina mama wengi wenye ugonjwa huu milango hiyo ni mizito kufunguka. Basi kongosho hutoa insulini nyingi zaidi ili kuisukuma. Sukari yaingia, lakini ile insulini iliyozidi hubaki ikifanya madhara. Huziamsha ovari zitoe kwa wingi homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kidogo, tena husaidia mwili kuweka mafuta. Homoni hizo ndizo zinazozuia yai kukomaa, na ndizo zinazootesha ndevu. Mafuta ya tumboni nayo huifanya milango kuwa mizito kuliko kwanza. Hivyo mama huyu ananenepa kwa sababu ya ugonjwa, na unene wake huuongezea ugonjwa nguvu. Amcheka mlafi nani? (Wako pia wembamba wenye ugonjwa huu, nao wasipuuzwe.)

Sasa nataka ushike jambo moja. Mama mwenye kilo 80 hana haja ya kurudia kilo 55 alizokuwa nazo siku ya arusi. Madaktari wameona kwamba mwenye mwili mzito akipunguza kama sehemu 5 katika 100 za uzito wake, kwa wengi insulini yashuka na siku zaanza kurudi, na wengine hushika mimba bila dawa. Sehemu 5 katika 100 za kilo 80 ni kilo 4. Kilo nne tu! Majirani hawataona hata tofauti. Mwenye kilo 90 atafute kilo nne na nusu. Sisemi kwamba kila mmoja atafanikiwa, wala kwamba ugonjwa utakwisha kabisa, maana hauna dawa ya kuung'oa. Huongozwa kama mtu anavyouongoza ugonjwa wa kisukari. Lakini nakaza neno hili kwa sababu nimeona wengi wakikata tamaa kwa kutazama mlima mzima, na hali kilima cha karibu kilikuwa chatosha.

Mimi ni karani wa parokia, nami ndiye niandikaye nia za Misa. Nia ya kuomba mtoto hainikosi hata mwezi mmoja. Siulizi habari za mwombaji, wala si kazi yangu kuuliza. Ila nikipewa ruhusa ya kuongeza neno dirishani, ningesema: sali, mama, na kesho nenda hospitali.

Tuje kwenye chakula. Mwaka 2023 wataalamu wa nchi nyingi, wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Monash cha Australia, walitoa mwongozo juu ya ugonjwa huu, wakasema kwamba hakuna namna moja ya chakula iliyoonekana kushinda nyingine zote. Kwa hiyo usidanganywe mnadani na muuza majani ya kukonda au unga wa ajabu. Chakula cha shamba lako chafaa. Kinachotakiwa ni kubadili vipimo katika sahani. Mara nyingi sahani yetu ni mlima wa ugali na mboga kidogo pembeni. Igeuze: nusu iwe mchicha, kisamvu, majani ya maboga au matembele, robo iwe maharage, mbaazi, dagaa, samaki au yai, robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali, viazi au ndizi. Ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe nyeupe, kwa kuwa dona lina pumba zake, nalo husagwa tumboni polepole. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye chupa kwa kukisia.

Na chai! Hapa nitakawia kidogo, kwa maana hapa ndipo adui amejificha. Mama anayetia vijiko vitatu vidogo katika kikombe, naye anywa vikombe vitatu kwa siku, amekunywa vijiko 9. Kijiko kimoja kilichosawazishwa ni kama gramu 4. Kwa siku ni gramu 36, kwa mwezi zapita kilo moja ya sukari, na hapo sijahesabu kijiko cha mlima kama tunavyovitia sisi, wala soda ya siku ya ubatizo. Punguza kijiko kimoja wiki hii, kingine baada ya wiki mbili. Ulimi huzoea. Aliyeacha yote kwa siku moja huirudia yote kwa siku moja.

Tena isiwe kushinda na chai mpaka jioni, kisha kula kwa wingi usiku na kulala. Wengine hudhani ndiyo njia ya kupungua. Njaa ya kutwa nzima hukufanya ule bila kipimo.

Utasema: "Sisi tunalima, tunachota maji, tunabeba kuni. Tufanye mazoezi gani tena?" Ni kweli, wakati wa kilimo mwili hufanya kazi ya kutosha. Lakini tazama miezi baada ya mavuno: bomba limejengwa karibu, bodaboda ipo mpaka mlangoni, na mama hukaa barazani akipukuchua. Wataalamu wataka angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kutosha kukufanya uheme kidogo, yaani nusu saa kwa siku tano. Kutembea upesi kwenda jumuiya na kurudi kwaingia katika hesabu. Siku mbili za wiki fanya na kazi ya nguvu, kama kutwanga, au kuinuka na kukaa kwenye kigoda mara nyingi. Nyama za mwili zikifanya kazi, ile milango ya sukari hulegea, hata kama mizani haijashuka. Shika sana neno hilo la mwisho, kwa sababu mizani ndiyo ivunjayo moyo.

Juma la kwanza kila mtu ana bidii. La nne mama apanda mizani ya dispensari, aona gramu mia tatu tu zimepungua, ashuka akilia, na jioni hiyo arudia maandazi. Basi usipime kila siku. Pima mara moja kwa mwezi, mizani ileile, asubuhi. Katikati ya mwezi tumia uzi: zungusha kiunoni penye kitovu, piga fundo, weka sandukuni, upime tena baada ya wiki nne. Tena chukua ile kalenda ya parokia iliyo ukutani. Siku uliyotembea, weka duara dogo. Siku ya damu, weka msalaba. Baada ya miezi sita kalenda hiyo itakuambia yale ambayo mizani haikusema: pengine misalaba iliyokuwa ikipishana kwa siku 80 sasa yapishana kwa siku 45. Hayo ni mapato ya kweli, ijapokuwa gauni ni lilelile.

Msiba ukitokea, utakaa wiki nzima kwenye mkeka, utakula kilichopikwa. Arusi vivyo hivyo. Hilo si anguko la kukufanya uache yote. Siku ya kurudi nyumbani anza ulipoachia. Na upate mwenzi wa kutembea naye, jirani au mwana WAWATA, maana siku ambayo wewe mvivu, yeye yupo mlangoni akikuita. Ukiona huzuni haikutoki na usingizi hauji, mwambie muuguzi bila haya. Huzuni nayo huwapata mara nyingi akina mama wenye ugonjwa huu.

Baba, sasa ni zamu yako. Mke hawezi kubadili sahani yake ikiwa wewe na watoto mwataka sufuria nyingine, maana atapika mara mbili kwa siku chache, kisha atachoka. Kuleni sufuria moja. Mboga na maharage havitakudhuru, tumbo lako nalo nimeliona Jumapili. Usimtanie mwili wake mbele ya wageni, wala usimwache mama yako amwite tasa. Kwanza hujui: mtoto akichelewa, mwanamume naye hupimwa, na mara nyingi sababu hupatikana kwake, au kwa wote wawili. Nendeni hospitali pamoja.

Huko daktari atauliza habari za siku zake, atapima damu, sukari na presha, na pengine ataona ovari kwa ultrasaundi. Usikae zaidi ya miezi mitatu bila damu pasipo kumwona, kwa kuwa ngozi ya ndani ya tumbo la uzazi huzidi kunenepa, na ikiachwa hivyo miaka mingi yaweza kuleta kansa. Zipo dawa: metformini ya kusaidia insulini, letrozoli ya kukomaza yai kwa anayetafuta mtoto, na nyingine za kurudisha siku. Zote ni za kupewa na daktari, si za kuazimana.

Liko swali ambalo akina mama huuliza kwa sauti ndogo: je, daktari akiandika vile vidonge vya kupanga uzazi kuwa dawa ya ugonjwa huu, Mkatoliki avikatae? Papa Paulo VI, katika barua yake Humanae Vitae ya mwaka 1968, fungu la 15, alifundisha kwamba si haramu kutumia dawa inayohitajika kweli kwa kuponya maradhi ya mwili, hata ikionekana kwamba mimba itazuiwa, mradi kuzuia huko siko kunakotakwa. Mweleze daktari nia yako, umwulize kama iko dawa nyingine, na ukiona mashaka sema na padre wako.

Siku ya kwenda chukua ile kalenda yenye misalaba, itamfaa daktari kuliko kukumbuka kwa kichwa. Na kabla ya dawa yoyote ya kurudisha siku, omba kipimo cha mimba kwanza. Yai laweza kukomaa bila kupiga hodi, na wako akina mama waliokwenda kutafuta dawa ya mwezi uliopotea, kumbe tayari ni wawili.