Uzito wa Afya Huanzia Chunguni

Ndugu msomaji, katika nyumba zetu nyingi mama anaponenepa majirani husema kwamba anatunzwa vema, na baba anapoota kitambi husemwa kuwa mambo yake yamemnyookea. Mtoto aliyekonda naye huambiwa kuwa ndivyo alivyoumbwa. Fikra hizi ni za siku nyingi, na madhara yake si haba.

Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Mwaka 2022 udumavu ulikuwa umepungua hadi asilimia 30. Basi yawezekana kabisa mama mwenye uzito uliozidi na mtoto aliyedumaa wakawa wanakula chungu kimoja. Hapo shauri si wingi wa chakula tu, bali ni namna kinavyochaguliwa, kinavyopikwa na kinavyogawanywa.

Sukari na mafuta

Tuanze na watu wazima. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni vijiko 9. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe vijiko 12 hivi kwa siku nzima, na lasema ni bora zaidi aishie 6. Akiongeza chupa moja ya soda, amekwisha pita mpaka.

Mafuta nayo yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka chupani. Kijiko kimoja cha mezani kina nguvu ambazo mtu mzima huzimaliza kwa kutembea haraka kwa karibu nusu saa. Nguvu zisizotumika hugeuka mafuta mwilini, nayo hufungua mlango wa kisukari na shinikizo la damu. Futi ya fundi cherehani yatosha kutoa onyo: kiuno kinachozidi sentimita 80 kwa mwanamke, au 94 kwa mwanamume, chataka hadhari.

Watoto wasisahauliwe

Mtoto mdogo hali yake ni nyingine. Tumbo lake ni dogo, hivyo uji mwepesi humjaza bila kumlisha. Baada ya miezi 6 ya maziwa ya mama pekee, aendelee kunyonya huku akipewa uji mzito uliotiwa karanga zilizosagwa au unga wa dagaa, mara kadhaa kwa siku. Kijiko cha mafuta kinachomdhuru baba chaweza kumfaa mtoto huyu. Aidha, desturi ya kumwekea baba minofu na kuwaachia watoto mchuzi haina budi kukoma.

Na mtoto aliyenenepa kupita kiasi je? Asinyimwe chakula, wala asitaniwe kwa jina la unene, kwani kejeli humfanya ale kwa kujificha. Nyumba nzima ibadilike pamoja naye: dona mahali pa sembe, mchicha na maharage kwa wingi, tunda mahali pa andazi, maji mahali pa soda. Acheze walau saa moja kila siku. Wakubwa nao watembee kwa haraka dakika 150 kwa wiki. Anayepanda daladala aweza kushuka kituo kimoja kabla.

Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai iliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusikiliza redio ili wajifunze lishe. Leo, ndugu msomaji, kikundi cha kwanza na kiwe familia yenyewe. Baba na mama wakae pamoja kabla ya kwenda sokoni, waitazame kadi ya kliniki ya mtoto, kisha waulizane: chungu cha leo kitamfaa nani, na nani atapungukiwa?