Ni Mbunge Gani Aliyeusemea Msitu?

Watu wa Tabora, Urambo, Sikonge, Kaliua na Nzega, tunapowasifu wabunge wetu, twawasifu kwa lipi? Kwa kawaida ni kwa vitu vinavyoonekana kwa macho: daraja, kisima, zahanati, mabati ya shule. Si vibaya. Lakini yuko mbunge wa namna nyingine, ambaye kazi yake haionekani upesi. Ni yule anayesimama Bungeni kutetea sheria ya misitu, ya mvua, na ya moto tunaopikia. Huyo mara nyingi husifiwa na watu wa mbali, na nyumbani hunyimwa kura.

Habari ya Bi. Wangari Maathai wa Kenya yatuonyesha jambo hili. Alianza kupanda miti pamoja na akina mama mwaka 1977. Mwaka 2002 watu wa Tetu, karibu na Nyeri, walimchagua kwa kura nyingi mno kuwa mbunge wao, kisha akafanywa Waziri Msaidizi wa Mazingira. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Hata hivyo katika uchaguzi wa mwaka 2007 hakurudi Bungeni. Mambo ya vyama yalikuwa na sehemu yake, hatukatai. Lakini ni ajabu kwamba heshima ya dunia nzima haikutosha kumpa kiti kimoja kwao.

Mkenya wa pili hajulikani sana huku kwetu, ijapokuwa twadhani yafaa ajulikane. Ni Dk. Wilbur Ottichilo, aliyekuwa mbunge wa Emuhaya, magharibi ya Kenya. Yeye hakungoja Serikali ilete muswada. Aliuleta mwenyewe, muswada wa sheria ya mabadiliko ya tabianchi, yaani kugeuka kwa majira ya mvua, jua na upepo tuliyoyazoea. Bunge likaupitisha, lakini Rais Mwai Kibaki hakuutia sahihi. Wengi wangalikata tamaa hapo. Bwana Ottichilo aliuleta tena katika Bunge lililofuata, na mwezi wa Mei 2016 Rais Uhuru Kenyatta akautia sahihi. Sheria hiyo iliweka Baraza linaloongozwa na Rais mwenyewe, na Mfuko wa fedha kwa kazi hiyo. Wenzetu wa Uganda wakapata sheria yao mwaka 2021. Tena watu wa Vihiga hawakumtupa Bwana Ottichilo: mwaka 2017 walimchagua kuwa Gavana wao.

Msomaji atauliza: Ya Wakenya yatuhusu nini sisi watu wa njia ya misafara?

Yatuhusu sana. Zamani wapagazi wa Kinyamwezi walipotoka Bagamoyo na kupita Ugogo penye ukame, walijua wamekaribia nyumbani walipoingia katika miombo. Msitu ndio uliokuwa mali ya nchi hii: mninga wa milango na vitanda, mizinga ya nyuki, dawa, uyoga wa masika, na kuni. Hata leo asali ya Sikonge yasifiwa mbali. Lakini mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao mkubwa wa karanga, na Urambo ilikuwa mojawapo ya mahali walipong'oa miti kwa mashine. Karanga hazikufaa, na baadaye ikaja tumbaku. Tumbaku yetu hukaushwa kwa moto ndani ya mabani, na moto huo hula kuni nyingi. Tena kuna mkaa. Kila asubuhi baiskeli zaingia mjini zikiwa na magunia yaliyofungwa juu kuliko kichwa cha mwendeshaji.

Sasa hapa ndipo penye ugumu, wala tusijifiche. Tumbaku hiyo ndiyo inayolipa ada za watoto wengi wa mkoa huu, na mkaa huo ndio chakula cha mwenye baiskeli. Mbunge atakayesema, "Acheni!" na kukaa chini, huyo hakusaidia mtu. Serikali ilikwisha kujaribu njia hiyo. Mwezi wa Januari 2006 mkaa ulipigwa marufuku nchini, bei ikaruka, watu wa mijini wakalalamika, na baada ya muda mfupi marufuku ikaondolewa. Mama hawezi kupika maharage kwa tangazo.

Twaona basi kwamba mtetezi wa kweli ni yule anayeuliza: Badala yake nini, na nani atalipa? Mfano mwepesi ni kodi ya gesi ya kupikia huko Kenya. Mwezi wa Julai 2021 kodi ya asilimia 16 ilirudishwa juu ya gesi. Mwaka 2022 ikapunguzwa kuwa asilimia 8. Mwaka 2023 ikaondolewa. Mambo hayo yote yalipita Bungeni, katika sheria za fedha zenye kurasa nyingi ambazo watu wachache huzisoma. Mkono ulioinuliwa pale ulifika jikoni kwa mama kabla ya mwezi kwisha.

Kwetu Tanzania habari ya nishati safi ya kupikia ilipata nguvu katika mkutano wa Dar es Salaam wa Novemba 2022, wakati Bwana January Makamba, aliyekuwa mbunge wa Bumbuli, alipokuwa Waziri wa Nishati. Serikali ikaamuru kwamba mahali panapopikiwa watu zaidi ya 100 kwa siku paache kuni na mkaa mwisho wa Januari 2024. Mwezi wa Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa miaka 10, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mwezi huo huo alikuwa mmoja wa viongozi wa mkutano wa Paris juu ya jambo hili kwa Afrika nzima. Rais pia amesema kwamba watu wapatao 33,000 hufa kila mwaka nchini kwa maradhi yatokanayo na moshi wa jikoni. Akina mama wanaoinama kupuliza kuni za mvua hawahitaji kufundishwa hayo.

Tangu hapo wabunge wengi wameonekana pichani wakigawa mitungi midogo ya gesi ya kilo 6. Twawashukuru. Lakini mtungi ukiisha, bei ya kuujaza yamngoja mwenye nyumba, na duka la gesi laweza kuwa mbali. Tusishangae tukiukuta mtungi umekuwa kiti cha wageni. Anayegawa mitungi 100 amefanya wema. Anayepigania bei ya kuijaza, umeme wa kijiji, jiko banifu na bani linalokula kuni kidogo, huyo amefanya kazi ya mbunge.

Tena sheria za kutumia tunazo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuutunza kwa faida yake. Jirani zetu wa Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinane, wamepata fedha za biashara ya hewa ukaa kwa kuutunza msitu wao, na kwa fedha hizo wamejenga madarasa na zahanati. Kijiji chako kimetenga? Diwani na mbunge waulizwe.

Mji wa Tabora si mgeni katika kupima watu wa kutunga sheria. Mwezi wa Januari 1958 mkutano wa TANU uliamua hapa hapa kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, shauri lililokuwa gumu na lenye maudhi, na Mwalimu Nyerere alihitaji maneno mengi kuwatuliza wajumbe. Mtemi Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe alikuwa Waziri wa kwanza wa Sheria wa Tanganyika huru.

Kila mwaka, tangu Aprili hata Juni, Bunge hukaa Dodoma kujadili bajeti, wizara moja baada ya nyingine, na ndani yake zimo Nishati, na Maliasili na Utalii. Maneno ya kila mbunge huandikwa katika Taarifa Rasmi, jina kwa jina, na mtu yeyote aweza kuisoma. Atakapokuja mbunge wenu kuomba kura, mwulizeni alisema nini siku hizo mbili.