Unataka kubuni mitambo ya maji? Anza na hewa ya Machakos

Kama unasomea uhandisi wa mitambo, pengine akili yako iko kwa magari na ndege. Sawa. Lakini hebu fungua mfereji hapo mjini Machakos. Maji ya bwawa la Maruba hayajisafishi wala hayapandi mlima yenyewe. Kuna mtu aliyekaa akachora pampu, mabomba na matangi, akapiga hesabu. Huenda mtu wa pili akawa wewe.

Chukua pampu tu. Kupandisha lita 100,000 kwa saa hadi mita 50 juu kunadai karibu kilowati 13.6, na hapo hujahesabu msuguano ndani ya bomba. Pampu ikiwa na ufanisi wa asilimia 70, utahitaji kama kilowati 19.5. Ukichagua kubwa kupita kiasi "ili tuwe salama", bili ya stima itamwangukia mteja miaka nenda miaka rudi.

Sasa hapa ndipo wengi huteleza. Pampu haivuti maji. Ni uzito wa hewa unaoyasukuma kuingia. Pale Mombasa ufuoni, hewa inaweza kuinua maji mita 10.3, kwa hesabu ya karatasi. Machakos, takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, inabaki kama 8.5. Toa msuguano, toa kiasi ambacho pampu yenyewe inadai, unabaki na mita chache mno. Ukinakili mchoro wa Pwani hivi hivi, maji yatachemka ndani ya pampu yakiwa baridi vilevile. Mapovu yatapasuka, utasikia mlio kama wa kokoto, na impela italiwa kama mahindi yaliyoingiwa na fukusi. Dawa yake si ngumu: shusha pampu karibu na maji, au iweke chini ya kiwango chake kabisa.

Kisha kuna tope. Mvua ikiosha vilima, maji ya bwawa hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Shabu hulikusanya tope lizame, mchanga unachuja, halafu klorini. Mwanakemia ataamua kipimo cha dawa. Wewe utaamua kikorogeo kizunguke kwa kasi gani. Kikienda mbio sana kinavunja yale mabonge, tope linapita, viini vinajificha humo klorini isivifikie. Homa ya matumbo haiulizi nani alichora.

Ukimaliza digrii, utasajiliwa na Bodi ya Wahandisi Kenya (EBK), kwanza kama mhandisi mhitimu. Ukweli usemwe, nafasi katika kampuni za maji hazitangazwi kila siku. Kuuza pampu dukani pia ni mlango, usiudharau.

Na ukipata mafunzo ya nyanjani, usishinde kwa kompyuta. Mwendee yule mzee wa zamu ya usiku, muulize ni valvu gani hawezi kuifikia bila kupanda juu ya ndoo. Kisha rudi kwenye mchoro, uisogeze.