Waya Ndogo, Kidonda Kikubwa

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama mnaotuchungia nyumba, leo hatusemi juu ya mawe yanayoanguka wala juu ya vumbi. Tunasema juu ya kidude kidogo cha mezani.

Usiku mmoja karani mmoja aligonga mlango wangu hapa Masereka. Kiganja chake cha kuume kilikuwa kimefungwa kitambaa cha jikoni, na chini ya kitambaa kulikuwa dawa ya meno.

"Ndugu yangu, umepata nini?"

"Muganga, usicheke. Ni kipanya."

Hakuumwa na panya. Kipanya ni kile kifaa cha kompyuta tunachokisogeza kwa mkono. Chake hakiunganishwi na kompyuta kwa waya. Kina betri ndani, nayo inachajiwa kama simu. Waya ya kuchajia ilikuwa imeharibika, orodha ya mishahara inangoja, na maduka ya Butembo yamefungwa. Basi akakata kichwa cha waya, akafunga nyuzi zake kwenye betri ya pikipiki. Mtoto wake wa miaka sita alimshikia tochi.

Kosa lilikuwa wapi? Kutengeneza si kosa. Vitu vyetu vingi vinatoka mbali, Dubai na Uchina. Vikiharibika, nani atavirudisha huko? Kosa ni kukilisha kifaa umeme usio wake. Kipanya cha namna hii kinataka volti 5. Betri ya pikipiki ni ya volti 12, tena ina nguvu nyingi: nyuzi mbili zikigusana, waya nyembamba inakuwa nyekundu kama makaa. Plastiki yake iliyeyuka ikashika katika kiganja cha ndugu yetu.

Ingeweza kuwa vibaya zaidi. Ndani ya kipanya kuna betri ya litiamu, namna ile ile iliyo katika simu na katika taa nyingi za kichwani. Kompani Sony ya Japani ilianza kuziuza mwaka 1991, na nyingi zina kobalti, madini ambayo wachimbaji wenzetu wa Kolwezi wanayatoa. Kwa kawaida betri hiyo hujaa ikifika volti 4.2. Ukiisukuma kupita hapo, inapata moto, inavimba kama andazi, na inaweza kuwaka mbele ya uso wa mtoto.

TENGENEZA HIVI

1. Kwanza jaribu waya nyingine yenye kichwa sawa. Mara nyingi waya ndiyo mgonjwa, kifaa ni kizima.

2. Zima kifaa, toa vumbi katika tundu lake kwa kijiti kikavu cha mti. Usitumie sindano wala pini.

3. Kama waya imekatika, ichomoe kwanza. Unga nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi. Kila moja ifungwe peke yake kwa utepe wa umeme, zisigusane.

4. Soma maandishi ya chaja. Tafuta 5V. Kama una betri ya pikipiki au ya sola tu, tumia kile kifaa cha kuchajia simu ndani ya motokari, kinachopunguza volti 12 kuwa 5.

5. Usichaji juu ya godoro, wala usiku watu wakiwa wamelala.

6. Betri iliyovimba haitengenezwi. Usiitoboe, usiitupe motoni. Iweke nje ndani ya kopo la chuma lenye mchanga mkavu, kisha umwambie mkubwa wa usalama.

MOTO UKIKUCHOMA

Toa pete na saa mara moja, kabla mkono haujavimba. Weka mahali palipoungua chini ya maji safi yanayotiririka, dakika 20. Maji yetu ya mlimani ni baridi ya kutosha, barafu haitakiwi. Usipake dawa ya meno, mawese, wala yai. Plastiki iliyoshikamana na ngozi usiivute. Malengelenge usiyapasue. Funika kwa kitambaa safi, uje kwenye dispensari. Kama ni mtoto, au ni mkono, uso ama kiungo, uje siku ile ile.

Ile dawa ya meno ilinibidi niioshe kidogo kidogo, na karani, mtu mzima, alilia. Wiki tatu hakushika kalamu, na mwenzake ndiye aliyeandika mishahara.

Na kipanya? Asubuhi yake mke wake alileta waya ya simu yake mwenyewe, iliyokuwa juu ya meza usiku wote. Ikaingia barabara.

Wandugu, kabla ya kukata, ulizeni nyumbani. Usalama kwanza!