Utando Unaozibwa Kabla ya Chumvi Kutoka

Chumvi ya bahari huondolewa kwa utando mwembamba wa plastiki: maji husukumwa kwa shinikizo la baa 55 hadi 70, yakapenya, chumvi ikabaki. Lakini bahari haina chumvi tu. Ina mwani, bakteria na udongo laini. Bakteria wachache wakinata hujitengenezea utelezi, utelezi ukanasa takataka, na pampu zikala umeme mwingi kwa maji machache.

Adui wa pili ni ukoko. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Zikitolewa lita 40 za maji matamu katika kila 100, chumvi yote hubanana kwenye lita 60 zilizobaki; kaboneti ya kalisi huweza kushindwa kuyeyuka, ikaganda kama ukoko mweupe wa ndani ya birika. Anayechemsha chai kwa maji ya mvua kule Ikonge, Nyamira, huenda hajauona. Mpishi wa Pwani mwenye kisima cha matumbawe anaujua vizuri.

Kwa hiyo maji hutibiwa kwanza. Kloridi ya chuma hukusanya chembe ziwe mabonge, mabonge yakanaswa na mchanga. Asidi au dawa ya kuzuia ukoko, miligramu chache kwa lita, huchelewesha fuwele. Klorini huua viumbe, lakini pia hula utando, hivyo huondolewa mapema kwa bisalfiti ya sodiamu. Kuitia klorini kwa vipindi ni busara zaidi kuliko mfululizo, maana klorini huvunja mabaki ya mwani yakawa chakula cha bakteria waliosalia.

Kipimo cha kujua kama maji yaliyotibiwa yamesafika ni rahisi. Maji hupitishwa kwenye kichujio chenye vitundu vya maikroni 0.45, na muda wa kupata mililita 500 hupimwa mwanzoni na tena baada ya dakika 15. Muda wa pili ukirefuka sana, maji bado ni machafu. Tofauti ya nyakati hizo hugeuzwa kuwa alama; ikizidi 5, utando uko hatarini.

Mahali kama Kiunga, Lamu, ambako mtambo wa jua wa shirika la GivePower ulianza kazi mwaka 2018, utando ulioziba ni hasara kubwa, kwa kuwa vipuri viko mbali. Hata matajiri hawakusalimika: mwani mwekundu wa 2008 na 2009 ulifunga mitambo kadhaa ya Oman na Falme za Kiarabu. Tangu hapo mitambo kadhaa ya Ghuba imewekewa matangi ya viputo vya hewa, vinavyoinua mwani juu ukaondolewa kabla ya kufika kwenye mchanga.