Salfa ya Mikorosho na Hesabu ya pH

pH ni kipimo cha wingi wa ayoni za haidrojeni ndani ya mmumunyo. Kilibuniwa mwaka 1909 na mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Hutafutwa ukolezo wa ayoni hizo kwa moli katika lita moja, huchukuliwa logi yake ya msingi wa 10, kisha alama hugeuzwa. Ukolezo wa 0.001 una logi ya −3, hivyo pH ni 3. Maji safi yenye nyuzi joto 25 yana pH 7. Chini ya hapo ni tindikali, juu yake ni besi. Udongo ukishuka kutoka pH 6 hadi 5, ayoni hizo zimeongezeka mara kumi. Hilo si badiliko dogo hata kidogo.

Wakulima wa korosho wa Nachingwea na Ruangwa wana sababu ya kuijua hesabu hii. Mikorosho ikianza kutoa maua, ugonjwa wa ubwiriunga hudhibitiwa kwa unga wa salfa unaopulizwa kwa mashine alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yakiwa bado na umande. Sehemu ya vumbi hilo la njano huishia chini ya mti. Humo udongoni bakteria huiunganisha salfa na oksijeni na maji, ikawa asidi ya salfuriki.

Ichukuliwe kilo moja ya salfa iliyogeuka yote. Moli moja ya salfa ni gramu 32, kwa hiyo kilo ina moli 31.25. Kila moli huzaa moli moja ya asidi yenye ayoni mbili za haidrojeni, jumla moli 62.5. Zikiingia katika lita 1,000 za maji matupu, ukolezo ni 0.0625 na pH ni 1.2. Kwa kweli ayoni ya pili haiachiliwi yote, hivyo thamani sahihi iko karibu na 1.4. Hakuna mkorosho ambao ungeishi humo.

Mti hauoni pH hiyo kwa sababu udongo una kinga, inayoitwa bafa. Udongo wa mfinyanzi na mboji hunasa ayoni za haidrojeni na kuachia kalisi na magnesi, mpaka akiba hiyo ipungue. Udongo wa kichanga una akiba ndogo, ndiyo maana huchachuka upesi. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kudhuru mizizi.

Bafa ya damu ya binadamu hukokotolewa wazi zaidi kuliko ya udongo. Ina bikaboneti na kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka, na pH yake ni 6.1 kujumlisha logi ya uwiano wa viwili hivyo. Bikaboneti ikiwa milimoli 24 kwa lita na kaboni dayoksaidi 1.2, uwiano ni 20, logi yake 1.3, jibu 7.4. Mapafu na figo huulinda uwiano huo usiku na mchana, kwani damu yenye afya hubaki kati ya 7.35 na 7.45.

Tindikali dhaifu kama ya siki haiachii ayoni zote. Ukolezo wa ayoni hupatikana kwa kipeuo cha pili cha zao la ukolezo wa asidi na kigezo chake cha mtengano. Siki ya moli 0.1 kwa lita, yenye kigezo 0.000018, hutoa pH 2.9.

Kwa besi huanzwa na ayoni za haidroksidi, kisha logi yake iliyogeuzwa alama hutolewa katika 14. Maji ya chokaa ya kupakia nyumba, yenye moli 0.01 kwa lita, yana ayoni hizo 0.02, logi iliyogeuzwa ni 1.7, na pH ni 12.3. Yanaunguza macho, na chokaa hiyo isichanganywe na ya kilimo, ambayo ni kalisi kaboneti.

Kufuta asidi ya kilo moja ya salfa huhitaji moli 31.25 za kaboneti hiyo, yaani kilo 3.1 ikiwa safi. Lakini kiasi kinachofaa shamba fulani hutegemea bafa yake, na chokaa ikizidi huufanya mti ukose zinki na chuma. Mkulima apeleke kwanza sampuli ya udongo wa chini ya mikorosho yake ikapimwe kupitia ofisa ugani, ndipo anunue chokaa.