Maski Inapohama Programu (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza maski ni nini na jinsi inavyochorwa. Leo tunaingia kwenye jambo linalowachosha wapiga picha wengi wanaofanya kazi kwa programu zaidi ya moja. Unahangaika na maski muda mrefu kwenye programu ya kwanza, kisha unafungua picha ile ile kwenye programu ya pili na kukuta maski haipo.

Tuchukue picha ya bibi harusi aliyevaa shela. Maski inayomtenga na ukuta wa nyuma ni picha ya kijivu. Mwili wake ni mweupe kabisa, thamani 255, na ukuta ni mweusi, 0. Kazi ngumu iko kwenye shela, kwa sababu mwanga unapenya na ukuta unaonekana kwa mbali kupitia kitambaa. Hapo maski inasoma 90, pale kitambaa kilipojikunja inasoma 140, na kwenye pindo inapanda zaidi. Ustadi wote wa mhariri umo ndani ya namba hizo za katikati. Zikivurugika safarini, shela litakuwa zito kama karatasi, au litafifia karibu lote.

Maski hupotea kwa sababu programu nyingi za kusafisha faili ghafi za kamera hazihifadhi maski kama picha. Zinahifadhi maelekezo ya kuitengeneza upya. Lightroom huandika kwenye data ya XMP kwamba brashi ilipita mahali fulani, kwa upana fulani na nguvu fulani. Darktable nayo ina faili lake la XMP, lakini maelekezo yaliyomo ni ya kwake peke yake. Maumbo unayochora huko huhesabiwa kwa kufuata fremu ya sensa, kabla picha haijanyooshwa wala kukatwa, kisha programu inayapitisha kwenye hatua zote zinazofuata. Ukiipa programu nyingine namba hizo bila hatua hizo, unaipa anwani isiyo na ramani. Maski za kuchagua anga au mhusika mkuu wa picha, ambazo Lightroom ilizipata mwaka 2021, zina ugumu wa ziada, maana zinatokana na hesabu za modeli ambayo programu nyingine haina.

Njia ya uhakika, basi, ni kuitoa maski ikiwa picha kamili ya pikseli. Kwenye Photoshop, bonyeza kijipicha cha maski huku umeshikilia Alt (au Option kwenye Mac), maski itajaza kioo. Chagua yote, nakili, bandika kwenye faili jipya la kijivu. Darktable inaweza kutoa TIFF au XCF ikiwa na maski ndani yake. Kwenye GIMP, iweke picha ya maski kama leya, nakili, kisha ibandike ndani ya maski ya leya ya bibi harusi. Mimi napendelea TIFF ya kijivu, faili la peke yake lenye jina linalofanana na la picha. Usitumie JPEG. Ukandamizaji wake hukata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kuacha vumbi kando ya mistari mikali, na kando ndipo maski inapofanyia kazi.

Vipimo havina mjadala: picha ikiwa pikseli 6000 kwa 4000, maski nayo iwe hivyo hivyo. Kukata na kuzungusha picha kuahirishwe hadi mwisho. Marekebisho ya lenzi yafanyike kwenye programu moja tu, kwa kuwa programu mbili hazinyooshi lenzi moja kwa namna moja, na maski itateleza pembeni hata kama vipimo vinalingana.

Suala la alfa linahitaji subira zaidi. Mwaka 1977, kwenye New York Institute of Technology, Edwin Catmull na Alvy Ray Smith waliamua kwamba kila pikseli, pamoja na nyekundu, kijani na bluu, ibebe namba ya nne, alfa, inayosema pikseli hiyo inaziba kiasi gani. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm walichapisha hesabu za kuunganisha picha za namna hiyo, wakaonyesha faida ya kuhifadhi rangi ikiwa imekwisha kuzidishwa kwa alfa. Ni wazo zuri sana, na sinema nyingi zimejengwa juu yake. Lakini tangu hapo kuna desturi mbili. Nyuzi za shela zenye rangi 240 na alfa ya nusu huandikwa 240 kwa desturi moja, na 120 kwa nyingine. Programu ikiisoma 120 ikidhani haijazidishwa, itazidisha tena na kupata 60, na shela jeupe litaonekana limepakwa masizi. TIFF toleo la 6.0, la mwaka 1992, ina sehemu namba 338 ya kutaja desturi iliyotumika: 1 ni rangi iliyozidishwa, 2 ni isiyozidishwa. PNG ilichagua moja tu, isiyozidishwa. Ukiona ukingo mweusi kuzunguka kitu ulichokitenga, anza uchunguzi hapo, usikimbilie kuilaumu brashi.

Kisha kuna gama, yaani uhusiano kati ya thamani iliyoandikwa na mwanga unaowakilishwa. Kwenye picha ya kawaida ya sRGB, thamani 128 si nusu ya mwanga. Ni takriban asilimia 22. Maski haielezi mwanga, inaeleza kiasi, na 128 yake ni nusu kwelikweli. Programu ikiichukua maski kama picha ya kawaida na kuibadilisha rangi, nusu inaporomoka au kupanda kimyakimya. Nyeupe na nyeusi hazisogei, kwa hiyo ukitazama haraka unaona maski imefika salama.

Kabla ya kupitisha kazi ya mteja, tengeneza faili dogo la kijivu lenye miraba mitano: 0, 64, 128, 192 na 255. Lipitishe njia ile ile ya maski, kisha pima kila mraba kwa zana ya kusoma rangi kwenye programu ya mwisho. Mraba wa 128 ukisoma 55, gama imeondolewa njiani. Ukisoma 188, imeongezwa. Kwa vyovyote vile, rudi kwenye hatua ya kufungua faili na uzime ubadilishaji wa rangi kwa faili hilo la maski, kisha pima tena.

Itaendelea.